Kupokea barua na mizigo ukiwa mtu wa njiani: Tabora, Kigoma na vijiji vya katikati

Mwongozo huu nimewaandikia watu ambao kazi haiwaachi wakae mahali pamoja. Dereva wa lori na utingo wake, mteuzi wa tumbaku anayezunguka vyama vya msingi, mfanyabiashara wa minadani, mrina asali anayeingia msituni na kutoka baada ya wiki kadhaa, mfanyakazi wa mradi anayelala Kasulu leo na Kakonko kesho. Mimi nafunga na kutengeneza pampu za visima zinazotumia sola katika vijiji vya mikoa hii miwili. Kifaa cha kuendeshea pampu kikiungua kijijini, kingine lazima kitoke Dar es Salaam au Mwanza, na mpaka kifike, akina mama wanarudi kuchota maji mtoni. Ndiyo maana suala la mzigo kumfikia mtu asiye na makazi ya kudumu nalichukulia kwa uzito wote.

Kabla ya hatua yoyote, lishike hili: mzigo usikufuate. Ukimwambia mtumaji "nitumie hapo nilipo", unampa mahali utakapokuwa umeshaondoka siku mzigo unafika. Mzigo upelekwe mahali palipotulia, ukae hapo, nawe uupitie ratiba yako ikikufikisha. Hatua zote zilizo hapa chini ni namna ya kulitimiza hilo.

Hatua ya kwanza: andika njia yako, kisha chagua vituo viwili

Chukua karatasi, andika wiki tatu au nne zijazo utapita wapi na utalala wapi. Halafu tafuta sehemu mbili ambazo utazipitia zaidi ya mara moja. Moja iwe kituo chako kikuu, nyingine iwe ya akiba.

Si kila mji unafaa kuwa kituo. Tabora mjini panafaa sana kwa sababu njia zinakutana pale: reli ya kutoka Dar es Salaam inagawanyika, moja ikaenda Mwanza na nyingine Kigoma, na ile ya Mpanda inachepuka mbele kidogo, Kaliua. Barabara nazo ni hivyo hivyo: Nzega, Sikonge, Urambo, Itigi. Mzigo ukikosewa njia Tabora, kuurudisha ni jambo la siku moja au mbili.

Kigoma mjini ni mwisho wa reli na mwanzo wa safari za ziwani, kwa hiyo panamfaa anayefanya kazi vijiji vya mwambao. Lakini kwa anayezunguka Buhigwe, Kibondo na Kakonko, Kasulu ni bora kuliko Kigoma mjini, kwani ndipo barabara za Kigoma, Kibondo na Manyovu zinapokutana. Wengi hung'ang'ania makao makuu ya mkoa kwa mazoea, kisha wanalipa nauli ya kwenda na kurudi kufuata boksi lililopita Kasulu wakiwa wamelala hapo hapo Kasulu.

Ukishachagua, hesabu siku. Mzigo uwe umefika angalau siku mbili kabla yako. Siku mbili hizo ni za basi kuharibika, ofisi kufungwa Jumapili, na karani kuweka boksi lako stoo nyingine. Na kama una vijiji viwili vya kuchagua, chagua utakapokaa siku nyingi hata kama kingine kiko karibu zaidi na barabara.

Hatua ya pili: barua ziwe na anwani isiyohama

Barua na mizigo ni vitu viwili tofauti, usivichanganye. Mzigo unaweza kubadilishiwa kituo kila mwezi. Barua za benki, za mfuko wa hifadhi ya jamii, za mahakama au za mamlaka ya mapato zinahitaji anwani moja ambayo haitabadilika miaka kadhaa, maana taasisi ikishaiandika kwenye mafaili yake, kuibadilisha ni safari ya ofisi hadi ofisi.

Hapa kwetu anwani hiyo kwa kawaida ni sanduku la posta. Unaweza kukodi lako katika ofisi ya Shirika la Posta kwa ada ya mwaka, na ukikodi, lipia mapema kabla hujaondoka, kwa sababu aliye mbali ndiye husahau tarehe. Usipotaka la kwako, tumia sanduku la mwajiri, la shule, la parokia, la msikiti au la ndugu, ukiandika jina lako juu, kisha "kwa hisani ya" fulani, kisha S.L.P. na mji. Omba ruhusa kwanza, na uwaombe wenye sanduku wasiirudishe barua yenye jina lako kwa kudhani imepotea njia.

Shirika la Posta lina pia Posta Kiganjani, ambapo namba yako ya simu inakuwa ndiyo sanduku lako, nawe unapata taarifa kwenye simu barua au kifurushi chako kinapofika. Kwa mtu wa kuhamahama jambo hili lina maana kubwa: unajua kilichofika bila kwenda kufungua sanduku lililo tupu. Sharti ni laini isibadilike. Ukiwa mtu wa kununua laini mpya kila ukifika mji mpya, umebomoa anwani yako kwa mikono yako.

Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba. Ukiulizwa anwani ya makazi kwenye fomu, andika ya nyumba iliyo ya kudumu, kwa mzazi au kwa mwenza wako, pamoja na postikodi yake. Postikodi zetu zina tarakimu tano. Za Tabora zinaanzia na 45 na za Kigoma 47. Gesti uliyolala wiki mbili isiingie kwenye fomu ya serikali.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote ya barua: awepo mtu mwenye ruhusa yako ya kuzifungua. Barua ya wito iliyotulia kwenye sanduku miezi mitatu, hata kama imefika salama, kwako haijafika. Mpe mtu mmoja unayemwamini ufunguo, mkubaliane siku ya kuangalia, mathalani kila Ijumaa. Akikuta barua, aifungue, aipige picha kurasa zote pamoja na bahasha yenye mhuri wa tarehe, akutumie kwa WhatsApp. Barua yenyewe aihifadhi kwenye faili. Zile usizotaka zifunguliwe, mwambie mapema ni zipi, na umpe ruhusa hiyo kwa maandishi yenye sahihi yako ili siku akienda kaunta kuchukua barua ya rejista asihojiwe bila jibu.

Anayepita tu, kwa mfano msafiri wa baiskeli anayevuka kwenda Burundi, anaweza kutumia utaratibu wa kale wa posta za dunia uitwao poste restante. Barua inaandikwa jina lake, maneno hayo mawili, jina la ofisi ya posta na nchi, nayo inakaa kaunta mpaka aje na pasipoti. Kabla ya kumpa mtu anwani ya aina hiyo, ulizia kaunta ya ofisi husika kama wanapokea na wanaikalisha siku ngapi.

Hatua ya tatu: mtu wa kupokelea mzigo

Kituo bila mtu hakijakamilika. Unahitaji mtu pale mjini mwenye mambo matatu: hahami, ana mlango unaofungwa, na anapokea simu. Mwenye duka la dawa, fundi cherehani mwenye fremu yake, mama mwenye gesti unayolala kila ukipita, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ndugu wa damu ni mzuri akiwa na sifa hizo. Asipokuwa nazo, undugu peke yake haulindi boksi.

Hili si jipya katika njia hii. David Livingstone aliporudi Ujiji mwaka 1871 akitokea Manyema, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar zimeshauzwa na mtu yule yule aliyekabidhiwa kuzifikisha. Na mfuko wa barua zake, wenye tarehe ya 1 Novemba 1870, ulikuwa umelala Unyanyembe, hapa Tabora, miezi kadhaa, mpaka Stanley alipoukuta na kuupeleka Ujiji mwenyewe mwishoni mwa 1871. Umbali peke yake haukuwa tatizo. Kilichokosekana ni mtu wa kuusukuma mfuko hatua ya mwisho. Kila ninapopita Kwihara, penye tembe walimokaa wawili hao baadaye, nalifikiria jambo hilo, kwa sababu mpaka leo mizigo inalala Tabora kwa sababu ile ile.

Mpokeaji wako umlipe. Si lazima iwe fedha nyingi, lakini asikae na boksi lako siku kumi bure, akilikwepa kila akifagia. Mkubaliane wazi: kiasi gani kwa mzigo, akae nao muda gani, nani analipa bodaboda ya kutoka stendi, na afanye nini kama wewe hupatikani kwenye simu. Mwambie pia kilichomo ndani. Mtu anayehifadhi kitu asichokijua ana haki ya kukataa.

Hatua ya nne: chagua chombo kulingana na mzigo

Basi ndilo linalobeba mizigo mingi ya watu wa njiani, na linastahili maelezo marefu.

Swali la kwanza la kumuuliza mtumaji ni basi linapita njia gani. Mabasi ya kwenda Kigoma hayapiti njia moja. Yapo yanayokwenda kupitia Nyakanazi, yakashuka Kakonko, Kibondo na Kasulu. Yapo yanayopitia Tabora, yakaenda Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Yote yameandikwa "Kigoma" mbele. Mtumaji aliyeko Dar es Salaam, akiwa hajawahi kufika huku, atapakia kwenye lolote. Kama wewe uko Nguruka na boksi likapanda basi la Nyakanazi, litakuzunguka mpaka Kigoma mjini na utaanza upya kulitafutia gari la kulirudisha. Kwa hiyo usimwambie mtumaji "tuma kwa basi la Kigoma". Mwambie: "Tuma kwa basi linalopita Tabora na Uvinza, lishushe Nguruka."

Swali la pili ni kama basi lina wakala pale unaposhukia. Penye wakala kuna daftari, kuna stoo na kuna mtu wa kumuuliza. Pasipo na wakala, mzigo unashushwa mkononi mwa kondakta barabarani, mara nyingi usiku wa manane, na ukikosekana mtu wa kuupokea unaendelea na safari. Vijiji vya aina hiyo usivifanye kituo. Shushia mji wenye wakala, kisha umalizie kwa gari dogo au bodaboda.

Tatu, mzigo ukatiwe risiti ofisini. Kumpa dereva au kondakta kitu mkononi kwa makubaliano ya mdomo ni rahisi na ni haraka, na watu wengi waaminifu wanaishi kwa kazi hiyo, lakini kikipotea huna pa kuanzia. Risiti iwe na jina la mpokeaji, namba ya simu, kilichomo, thamani yake na mahali pa kushushia. Usiruhusu mtumaji aandike thamani ndogo ili nauli ya mzigo ishuke. Siku ya kudai, ile ndogo ndiyo itakayosomwa. Na mkumbushe mtumaji kwamba ofisi ya mizigo si lazima iwe ndani ya stendi. Kampuni nyingine hupokelea mizigo mahali pengine kabisa mjini, na kwa Kigoma vivyo hivyo: ulizia kama utachukua kwenye stendi ya Masanga au kwenye ofisi iliyoko mjini, kabla hujalipa bodaboda mara mbili.

Posta na EMS, huduma yake ya haraka, zinafaa kwa hati: cheti, pasipoti, kadi ya gari, mkataba wenye sahihi za wino. Basi ni la haraka zaidi kwa njia nyingi za huku, ila hati haiwezi kununuliwa tena dukani, nami hati huiamini kaunta ambayo kila mkono ulioishika umeandikwa. Rejista na EMS zina namba ya kufuatilia. Kumbuka kuomba ipelekwe ofisi ya posta ya mji wako wa kituo, maana si kila mji mdogo una kaunta inayofunguliwa siku zote.

Treni ya abiria ya reli ya zamani bado ni njia nzuri kwa vitu vizito visivyo na haraka, hasa kwa vituo vilivyo kati ya Tabora na Uvinza ambako mvua zikikolea barabara za ndani hazipitiki. Hata meli ya Liemba ilifika Kigoma kwa njia hiyo: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa masandukuni, ikaunganishwa ufukweni na kushushwa majini mwaka 1915. Kwa mzigo wako, ulizia siku za treni stesheni, na wakati wa masika ulizia pia kama njia ni salama, kwa sababu kipande cha Kilosa hadi Gulwe hukumbwa na mafuriko mara kwa mara na treni zikasimama. Mtumaji aliyeko Dar es Salaam mwelekeze vizuri asiende stesheni ya SGR, ile reli mpya; mzigo wa Tabora au Kigoma unapakiwa kwenye treni ya reli ya zamani.

Ziwani mambo ni mengine. Boti za vijiji vya kaskazini, Mwamgongo mpaka Kagunga, zinaondokea Kibirizi. Za kusini ulizia Ujiji. Hakuna karani wala daftari, kuna nahodha na jina lake. Hapa mpokeaji wako wa Kigoma mjini ndiye anayebeba jukumu: aupeleke mzigo ufukweni mwenyewe, aone umepakiwa, achukue namba ya nahodha, akupigie boti ikiondoka. Chochote kisichopaswa kulowa kiwekwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mfuniko uzungushiwe selotepu mara kadhaa, ndoo ifungwe kamba. Boksi la karatasi sakafuni mwa boti halifiki likiwa boksi. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini hulichafua ziwa, kwa hiyo ongeza siku kwenye hesabu zako.

Lori la rafiki ni la bure na ni la hisani. Litumie kwa magunia na mabomba, si kwa kitu kinachosubiriwa na watu.

Na vipo visivyotumwa kabisa. Fedha taslimu zitumwe kwa simu. Dawa zinazohitaji baridi, kama insulini, zisisafirishwe kwenye buti la basi lenye joto la injini. Mwenye ugonjwa wa kudumu apange na daktari wake apatiwe dawa katika hospitali za njia anayopita, na safarini abebe akiba mwenyewe.

Hatua ya tano: lebo

Lebo mbovu imepoteza mizigo mingi kuliko wezi. Mtumie mtumaji maneno kamili ya kuandika, herufi kwa herufi, na umwombe ayanakili kama yalivyo kwa maka peni nene. Yawe hivi:

- Majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA.
- Namba zako mbili za simu, za mitandao tofauti, kwa kuwa kijiji kimoja kina mtandao huu na kingine kina ule.
- "Kwa hisani ya", jina la mpokeaji wako na namba yake.
- Mahali pa kushushia kwa herufi kubwa: KASULU MJINI, si "Kigoma".
- Jina na namba ya mtumaji.
- Kilichomo kwa maneno mawili, na kama kinavunjika, kiandikwe hivyo pande zote.

Suala la majina lina uzito huku kwetu, kwa sababu watu wanafahamiana kwa majina ya mitaani. Mtumaji anakujua kama Baba Zawadi au Fundi Sola, anaandika hivyo, na karani ukimwonyesha kitambulisho anaona jina ambalo hajaliona kwenye boksi. Karani huyo anafanya kazi yake vizuri, usigombane naye.

Weka pia karatasi ndani ya boksi yenye maelezo yale yale. Lebo ya nje ikibanduka kwa mvua au kwa kuburuzwa, atakayelifungua ajue ni la nani. Boksi lenyewe liingizwe kwenye mfuko wa salfeti, ushonwe mdomo. Vumbi la barabara za ndani linaingia hata kwenye boksi lililofungwa vizuri, na vifaa vya umeme havipatani nalo.

Hatua ya sita: siku ya kutuma

Mwombe mtumaji akutumie picha tatu: mzigo ukiwa umefungwa, lebo ikisomeka, na risiti. Aongeze namba ya usajili ya basi na muda lilipoondoka. Umpelekee mpokeaji wako picha hizo hizo saa ile ile, usisubiri mzigo uwe umekaribia, kwa sababu huenda wewe mwenyewe wakati huo uko porini bila mtandao.

Piga simu kwa wakala wa mji wa kushushia, si kwa ofisi ya Dar es Salaam. Namba yake ipo kwenye risiti. Isipokuwepo, mtumaji aiulize kabla hajaondoka kaunta. Mpigie basi likiwa bado njiani, jitambulishe kwa heshima, mwambie kuna mzigo wa jina hili na nani atakuja kuuchukua. Karani aliyetarajia mzigo hulitafuta boksi kwenye buti. Asiyetarajia hushusha alichokiona mbele.

Hatua ya saba: kuchukua

Nenda na kitambulisho na picha ya risiti. Anayekuchukulia awe na kitambulisho chake, nakala ya cha kwako, na ujumbe au barua yako fupi inayosema unamruhusu fulani kuchukua mzigo fulani.

Usisaini kabla hujaukagua. Linganisha na picha ya mtumaji: selotepu ni ile ile, mfuko umeshonwa vile vile, uzito ni ule. Ukiona umefunguliwa, fungua hapo hapo mbele ya karani, piga picha, na andika kwenye daftari hali uliyoukuta nayo kabla ya sahihi yako. Ukisaini na kuondoka umekubali kuwa umefika mzima.

Jihadhari na simu za "mzigo wako umefika, tuma pesa ya kutolea kwenye namba hii". Wezi hawa wanajua kuwa mtu wa njiani daima ana mzigo anaousubiri. Malipo yoyote yafanyike kaunta na upewe risiti. Anayekupigia muulize jina la mtumaji na kilichomo. Mwenye mzigo mbele yake anavisoma, asiye nao anakata simu.

Mzigo ukipotea, anza na ofisi ya kampuni iliyoupokea kwa maandishi, ukiambatisha risiti na picha. Usafirishaji wa barua, vipeto na vifurushi unasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na huko ndiko malalamiko yanakopelekwa kampuni isipokujibu.

Vifurushi vinavyotoka nje ya nchi

Hivi vinataka subira na karatasi. Kifurushi cha posta ya kimataifa huwa na namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka: CN ni China, GB ni Uingereza. Kikianza na E ni EMS, na R ni rejista. Muuzaji akikupa namba isiyo na umbo hilo, huenda amekituma kwa kampuni nyingine na kaunta ya posta haitakiona, kwa hiyo muulize kabla ya kulipa ni nani hasa atakayekukabidhi kifurushi ukiwa Tanzania.

Forodha itataka ankara ya manunuzi. Ihifadhi kwenye simu na umpe nakala mpokeaji wako. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya bei ikijumlishwa na gharama za usafirishaji na ushuru wa forodha wenyewe, kwa hiyo kitu kilichoonekana rahisi mtandaoni kikokotoe upya kabla ya kuagiza. Kwa kipuri cha haraka mimi hununua Kariakoo hata kama bei ni ya juu, kwa kuwa kinapanda basi jioni ile ile.

Anwani ya vifurushi vya nje iwe ile ya kudumu ya hatua ya pili, siyo kituo cha mwezi huu. Vinaweza kuchukua wiki nyingi, na wewe utakuwa umeshavuka mkoa.

Ratiba ikibadilika

Itabadilika. Daraja litakatika, kazi itaongezwa wiki, gari litakufa Uvinza. Mpigie mpokeaji wako siku hiyo hiyo, hata kama hakuna mzigo unaokuja, umwambie tarehe mpya. Kama mzigo umeshafika na wewe umeelekezwa kwingine, usimwambie mtumaji wa awali aushughulikie. Mpokeaji wako ndiye aukatie risiti mpya kutoka pale ulipo kwenda kituo cha akiba, kwa lebo mpya, ile ya zamani ikiwa imefutwa kabisa kwa maka peni. Boksi lenye lebo mbili huishia kwenye mji usio sahihi.

Unapomaliza kazi ya eneo na kuhama moja kwa moja, wapigie wote waliowahi kukutumia kitu pale, uwape kituo kipya. Mpitie mpokeaji wako, mlipe anachokudai, mwachie nauli ya basi ya mzigo mmoja na anwani unakoelekea. Namba yake usiifute kwenye simu kwa miezi kadhaa, kwani kuna mizigo iliyochelewa ambayo hufika baada ya mwenyewe kuondoka.